Mita Sitini za Msimbazi

Karakana ya mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam ilijengwa Jangwani, katikati kabisa ya bonde la mto Msimbazi. Haikujengwa kwa kuvizia usiku. Ilikuwa na michoro, mkandarasi, wasimamizi na mkopo wa Benki ya Dunia. Mabasi yalianza kazi Mei 2016, na haikuchukua misimu mingi ya mvua kabla ya kutokea jambo ambalo muuza mchicha yeyote wa bonde lile angelitabiri bure. Maji yaliingia karakana, mabasi yakaharibika, Barabara ya Morogoro ikafungwa, na abiria wa Kimara na Magomeni wakabaki wanautazama mto uliokalia njia yao. Aprili 2018 hali ikawa mbaya zaidi. Baadaye benki ileile iliidhinisha mkopo mwingine kwa ajili ya bonde lilelile, na mojawapo ya kazi za mkopo huo ni kuiondoa karakana bondeni.

Miezi michache kabla ya mabasi kuanza, Desemba 2015, matingatinga yalishuka bondeni upande wa Mkwajuni na Hananasif, Kinondoni. Nyumba zilizokuwa zimepigwa alama nyekundu ya X zikabomolewa, mpaka baadhi ya wakazi walipokwenda mahakamani na kazi ikasimama kwao. Sababu iliyotolewa ni kwamba bonde ni hatari na hapafai kujengwa. Ilikuwa sababu ya kweli. Kinachouma ni kwamba ukweli huo uliwashika wenye nyumba za matofali ya saruji ukaiacha karakana, na kutoka pale penye vifusi hadi karakana mtu alikuwa anatembea kwa miguu.

Mipango mikuu ya Dar es Salaam, ya 1949, ya 1968 na ya 1979, kila mmoja kwa namna yake uliliacha bonde la Msimbazi liwe wazi: njia ya upepo, eneo la kijani, ardhi ya hatari. Rangi ya kijani kwenye ramani haikuwahi kukosekana. Wakati huohuo mji uliokuwa na watu wasiofika laki tatu katika sensa ya 1967 umefikia milioni 5.38 katika sensa ya 2022. Mpango wa 1979 ulikusudiwa kwa miaka ishirini. Ukaisha muda wake, na mji ukaendelea kukua bila mpango mkuu mwingine kwa miaka mingi, hadi ulipopatikana ule wa 2016 hadi 2036. Katika pengo hilo watu hawakungoja. Walijenga palipokuwa na nafasi, na palipokuwa na nafasi ni palepale ramani iliposema pasijengwe.

Eneo la aina hii ni eneo la mpito. Si mto, si mtaa. Kuna miezi ni nchi kavu, na kuna siku chache ambazo ni mto wenyewe. Sheria zetu zinapata shida na kitu cha namna hiyo, kwa sababu sheria inataka mstari. Sheria ya Ardhi ya 1999 inahesabu miongoni mwa ardhi hatarishi ile iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ikakirudia kipimo hicho na kukataza ndani yake shughuli za kudumu. Tangu hapo "mita sitini" imekuwa lugha ya kila mtaa ulio kando ya maji, kutoka ufukweni Kunduchi hadi mabondeni.

Tatizo linaanza mtu anapoleta futi kamba. Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, Kisarawe, unapita Gongo la Mboto, Vingunguti, Tabata na Kigogo, unafika Jangwani, na kuingia Bahari ya Hindi penye Daraja la Selander. Ni safari isiyofika kilomita arobaini, na tabia ya mto inabadilika njiani. Huku juu kingo ni za mchanga zinazomeguka. Mvua moja kubwa inaweza kuhamisha ukingo hatua nyingi, na nyumba iliyojengwa kwa kutii sheria ikajikuta ndani ya mita sitini bila mwenyewe kuongeza hata tofali. Huku chini, kuanzia Kigogo hadi Jangwani, bonde ni pana na tambarare, na maji yakija hayana habari na mita sitini wala mia mbili. Basi mstari huohuo unamwonea mtu wa Vingunguti na kumdanganya mtu wa Mchikichini. Mabishano ya afisa na mzee wa mtaa katika jambo hili yanajulikana bondeni kote. "Mzee, hapa upo ndani ya mita sitini." "Sitini kutoka wapi, mwanangu? Mwaka juzi mto ulikuwa kule."

Wakenya nao wana mstari wao. Sheria zao zinaruhusu ukingo wa akiba kuanzia mita 6 hadi 30, na baada ya mafuriko ya 2024 Nairobi, zile 30 ndizo zilizotumika kuwaondoa watu wa Mathare na mitaa mingine ya kando ya mito. Ubishi ulikuwa uleule: ukingo unahesabiwa kutoka mto wa leo, au mto wa siku ile ya mvua?

Dar es Salaam iliwahi kuwa na eneo jingine la wazi, la katikati ya mitaa, ambalo mpangaji wake alijua hasa analitakia nini, na alilitakia ubaya. Mnazi Mmoja iliachwa wazi na wakoloni wa Kiingereza ili kutenganisha Uhindini na Kariakoo ya Waafrika. Kusudi lilikuwa kwamba asipite mtu pale ila kwa haja. Wenyeji wakapageuza mahali pa kukutana: mikutano, maulidi, sherehe za taifa, na Mnara wa Uhuru ukasimamishwa papo hapo. Kipande kimoja na kingine vimejengwa tangu wakati huo, lakini uwanja upo, ilhali viwanja vingi vya wazi vya Kinondoni na kwingineko, vilivyochorwa baadaye kwa nia njema kabisa, vimeuzwa kimyakimya na kuota baa na maghorofa. Nikizilinganisha historia hizo mbili naona tofauti moja. Mnazi Mmoja ilikuwa na watu waliokuwa na kazi nayo, ambao wangepiga kelele siku ikizungushiwa mabati. Viwanja vile vingine vilikuwa na kibao tu.

Bonde la Msimbazi nalo lina watu wenye kazi nalo, na ndiyo maana haliwezi kueleweka kwa kutazama nyumba peke yake. Kuna wakulima wa bustani za mchicha na matembele, ambao hupanda mvua zikipungua na kuvuna kabla hazijarudi. Kuna wachota mchanga wenye koleo na mikokoteni. Kuna waosha magari, wafyatua matofali, na wanaoanika nguo za mitumba. Kuna viwanja vya mpira visivyo na nyasi ambavyo kila jioni hujaa, na katika miaka ya uchaguzi uwanja wa Jangwani umekuwa jukwaa la vyama vyote. Yanga wenyewe wanaitwa watoto wa Jangwani, na makao yao makuu pale yamekula maji mara nyingi kama nyumba za majirani. Si shughuli zote hizi ni safi. Tangu miaka ya 1990 watafiti wamekuwa wakipima maji na mboga za kando ya Msimbazi na kukuta metali nzito, kwa kuwa mto unapokea taka za viwanda, machinjio ya Vingunguti na vyoo vya mji mzima. Mchicha ule unaliwa Masaki na unaliwa Manzese, hauulizi.

Lakini tazama upande mwingine. Mahali palipokuwa na bustani au uwanja wa mpira ndipo palipochelewa kujengwa. Mkulima hamruhusu mtu kuchimba msingi kwenye matuta yake, na vijana hawaruhusu goli lao ligeuzwe sebule. Sheria ya 2004 inakataza shughuli za kudumu, na mchicha haudumu, unaondoka na masika na kurudi kipupwe. Kwa maoni yangu watu hawa wamelilinda bonde kuliko bikoni zote zilizowahi kusimikwa mle, tena bila mshahara. Ajabu ni kwamba kila operesheni ya kusafisha bonde huanza na wao, kwa sababu ndio wasio na kuta za kubomoa na wanaondoka haraka.

Desemba 2011, siku chache baada ya nchi kusherehekea miaka hamsini ya uhuru, ilinyesha mvua ambayo jiji halikuwa limeiona tangu uhuru huo. Watu wapatao arobaini walikufa. Serikali ikawapa wakazi wengi wa mabondeni viwanja Mabwepande, nje ya mji kuelekea Bunju, wakaanza na mahema. Kwenye karatasi lilikuwa jambo jema: mtu anatolewa kwenye maji, anapewa ardhi iliyopimwa. Wengi wakarudi bondeni, wengine baada ya kuuza kiwanja. Gazetini waliitwa wakaidi. Hesabu yao lakini haina ukaidi wowote. Mama anayechukua bidhaa Kariakoo alfajiri na kuzitembeza hadi jioni, kutoka Hananasif au Mchikichini anakwenda kwa miguu. Kutoka Mabwepande nauli ya kwenda na kurudi inakula faida, na giza linamkuta njiani. Mafuriko yanakuja baadhi ya miaka. Nauli ni ya kila siku.

Na watu wa bondeni hawaishi kana kwamba hawajui. Vizingiti vya milango vimenyanyuliwa hadi mtoto anahitaji kubebwa kuvivuka. Vitanda vimewekwa juu ya matofali. Vyeti na picha za harusi viko kwenye mfuko wa nailoni karibu na dari, na viroba vya mchanga hupangwa mlangoni mvua zikikaribia. Watu wazima wanaijua pia kalenda ya bahari: mvua ikiangukia siku za bamvua, maji ya mto yanafika Selander yanakuta bahari imejaa, yanakosa pa kwenda, yanarudi kulala Jangwani. Elimu hii haikuwahi kuombwa na walioichora karakana.

Iliombwa baadaye, na hapo ni lazima nitoe sifa. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwaingiza mitaani wanafunzi wa vyuo vikuu, kikiwemo Chuo Kikuu Ardhi, kuchora ramani pamoja na wakazi: mitaro, nyumba, na mahali maji yalipofika kwa kumbukumbu ya wenyewe. Kisha 2018 kukawa na mfululizo wa vikao vya usanifu, vikiongozwa na TAMISEMI, yaani ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, kwa msaada wa Benki ya Dunia na fedha za Uingereza, vikikutanisha watu zaidi ya 200: wizara, halmashauri, wahandisi, wanamazingira na wakazi wa bondeni. Mpango uliotoka 2019 haukusema tu "hameni". Ulisema mto upewe nafasi. Mkondo upanuliwe na kuchimbwa, mchanga utakaotoka ujenge matuta mapana ya kando ambayo yatafaa kwa majengo, na katikati, katika bonde la chini, pawe na bustani kubwa ya jiji inayokubali kufunikwa na maji siku zake zikifika. Daraja la Jangwani lijengwe upya, refu na la juu, karibu mita 400, badala ya lile la chini ambalo mchanga ulikuwa ukilifukia. Septemba 2022 benki ikaidhinisha dola milioni 200, Hispania na Uholanzi zikiongeza fungu lao.

Kama mchoro, sijaona bora zaidi katika mji huu. Kwa mara ya kwanza ramani rasmi ya Dar es Salaam imekubali kwamba mahali pamoja panaweza kuwa uwanja Julai na mto Aprili, na kwamba hilo si kasoro ya mahali hapo.

Utekelezaji ulipoanza, jambo la kwanza kukutana nalo halikuwa maji bali fidia. Nyumba zikathaminiwa. Ardhi ikawa ubishi, kwa sababu ardhi ya hatari, kwa tafsiri ya ofisini, haina mwenyewe wa kulipwa. Wakazi wakajibu kwa ushahidi ambao serikali yenyewe iliwapa: mita za umeme za luku, stakabadhi za kodi ya majengo, mwenyekiti wa serikali ya mtaa waliyempigia kura katika mtaa unaodaiwa haupo. Nusu karne ya kupokea kodi kutoka mahali ni namna fulani ya kupatambua, hata kama mpimaji hakufika. Baada ya malalamiko kukawa na nyongeza kwa ajili ya ardhi. Mwenye nyumba aliyelipwa anaweza kununua kiwanja Chanika au Kibaha akaanza upya. Mpangaji hesabu yake ni nyingine. Hata akipewa posho ya kuhama, kesho anatafuta chumba cha bei ileile na umbali uleule kutoka Kariakoo, na vyumba vya namna hiyo viko katika mabonde mengine: Kibangu, Sinza, Mlalakuwa. Bonde linaweza kuhamishwa bila hatari kuhama. Mpango unaohesabu nyumba zilizoondolewa utaonekana umefaulu, na anayewahesabu watu itabidi aulize maswali zaidi.

Jambo la pili ni mchanga, na hapa ndipo ninapoutilia shaka mradi kuliko penginepo. Mafuriko ya Jangwani hayasababishwi na mvua peke yake. Sakafu ya mto inapanda. Vilima vya Pugu na misitu yake ya hifadhi, Pugu na Kazimzumbwi, vimekatwa kwa mkaa na kwa makazi kwa miaka mingi, na kila mtaa mpya wa Kisarawe na Ukonga unaofungua ardhi bila mitaro unapeleka udongo wake mtoni. Mchanga unashuka, unafika mahali mto unapopoteza mwendo, unatua. Mikoko iliyo karibu na Selander inashika tope na kuzidi kupabana pale mdomoni pa mto. Unaweza kuchimba mkondo leo ukawa na kina cha kupendeza siku ya uzinduzi, na misimu kadhaa baadaye ukalingana na ulivyokuwa. Waandaaji wa mpango wanalijua hili na wameliandika. Hata hivyo fedha nyingi zinakwenda chini, kwenye daraja, mkondo na matuta, ambako kuna kitu cha kukatia utepe. Miche ya Pugu na mitaro ya Gongo la Mboto haipigwi picha.

Wakati huohuo, kuna mamia ya vijana wanaouchimba mchanga huohuo kwa koleo, bila mkopo wowote, na kuuuza kwa wajenzi. Leo wanafukuzwa, kesho wanarudi, keshokutwa kampuni yenye kibali inaleta kijiko palepale walipofukuzwa. Sisemi kila wanachofanya ni sawa. Anayechimba chini ya ukingo wa Vingunguti analegeza nyumba ya mwenzake, na anayechimba karibu na nguzo za daraja ni hatari kwa wote. Huko juu ya mto, madaraja ya Ulongoni yalisombwa na maji, na watu wa kule wakateseka kwa muda mrefu. Lakini anayechimba katikati ya mkondo pale Kigogo anafanya kazi ambayo serikali italazimika kuilipia. Swali ni mahali gani, wakati gani, na kina gani, na maswali hayo yanajibika kwa vigingi vya rangi, vikundi vilivyosajiliwa na mgambo mmoja anayejua majina yao. Ni nafuu kuliko kijiko. Kinachokosekana ni ofisi iliyo tayari kuandika jina la mchota mchanga kwenye mpango kama mtu anayehitajika na si kama uchafu wa kuondolewa.

Hofu hiyohiyo ninayo kuhusu bustani ya jiji. Kigali walifungua Nyandungu mwaka 2022, zaidi ya hekta 120 za ardhioevu iliyokuwa imeharibika na ikafufuliwa kwa uangalifu. Ni pazuri, na panaingiwa kwa kiingilio. Kwa mji wenye nidhamu ya Kigali huenda hilo likafaa. Jangwani, lango na tiketi vitawatoa watoto wa mpira na wakulima wa mchicha, yaani walinzi wa zamani, na badala yao atawekwa mlinzi wa kampuni anayelipwa kwa mkataba wa mwaka. Mkataba ukiisha na bajeti ikichelewa, nyasi za wazi zisizo na mchezaji wala mkulima zitakaa miezi mingapi kabla ya kibanda cha kwanza? Historia ya viwanja vya wazi vya mji huu inatoa jibu, na jibu si la miaka. Ningechora bustani yenye viwanja vya mpira vingi kuliko njia za kutembelea, na matuta ya mboga yanayomwagiliwa maji yaliyosafishwa, yenye wenyewe wanaojulikana kwa majina. Haitapendeza sana kwenye kabrasha la wawekezaji.

Halafu kuna swali kavu la ofisi. Katika sehemu ya chini ya safari yake mto ni mpaka: upande mmoja Ilala, ambayo sasa ndiyo Jiji, upande wa pili Ubungo na Kinondoni. Maji yenyewe yako chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, mazingira chini ya taasisi yake, daraja chini ya TANROADS, mabasi chini ya wakala wao, na mradi chini ya TAMISEMI. Kila mmoja ana kipande, na kila mmoja akiulizwa kuhusu mchanga anaonyesha ng'ambo. Mkopo wa 2022 una ratiba ya kulipwa ya miongo kadhaa na mtu wa Hazina anayeifuatilia. Mchanga nao unashuka kila masika, na kuuondoa ni gharama ya kila mwaka isiyoweza kubebwa na mradi wenye tarehe ya kufungwa. Inahitajika kasma: namba moja katika kitabu cha bajeti, ofisi moja iliyotajwa, kiasi cha kila mwaka kwa ajili ya kuchimba mkondo kutoka Kigogo hadi Selander. Siku nitakapoiona kasma hiyo ikipita katika baraza la madiwani, au bungeni, ndipo nitakapoamini kwamba daraja jipya la Jangwani litaendelea kuwa juu ya mto.